Shokapu za pikipiki ya kila siku: ubadilishe, utengeneze au uziache?

Njia yangu ya kazini inaanzia Goba na kuishia Kariakoo, na kabla sijaingia lami kubwa kuna rasta sita (vile vituta vya mistari barabarani) zilizofuatana. Kwa miezi miwili nilizihesabu kwa kiuno. Ya kwanza na ya pili pikipiki inapita, ya tatu tairi la nyuma linaanza kurukaruka, ya sita nasikia "ko!" ya chuma kwa chuma chini ya kiti. Hapo ndipo nilipoanza kuulizia bei ya shokapu za gesi, zile zenye springi nyekundu na kikopo pembeni.

Mpaka leo sijazinunua. Jirani yangu anazo, nimeziendesha, na nitasema nilichokiona.

Haya nayaandika kwa mwenye pikipiki ya kazi, cc 100 hadi 150, jamii ya Boxer, TVS HLX na ndugu zao wa Kichina: mbele shokapu mbili za mirija, nyuma mbili za springi. Anakwenda ofisini au dukani, anarudi, siku mojamoja anabeba mke, mtungi wa gesi au kiroba cha mchele. Bodaboda nao yanawahusu, ila wao wana hesabu yao ya mzigo nitakayoifikia.

Unalalamikia nini hasa?

Neno "shokapu zimekufa" linabeba magonjwa mengi. Shokapu ina kazi mbili. Springi inabeba uzito. Oili iliyo ndani ya kibomba inaizuia springi isibonyee ovyo na, zaidi ya hapo, isirudi kwa pupa. Oili ikivuja, springi inabaki peke yake na pikipiki inadunda kama mpira wa makaratasi uliobanwa vizuri. Springi ikichoka, oili hata iwe nzima, unakaa chini muda wote na tuta dogo tu linakugonga. Kwa aliyekaa juu ya kiti vyote viwili ni maumivu ya mgongo, lakini dawa zake hazifanani.

Simama pembeni ya pikipiki, bonyeza kiti kwa nguvu kisha achia ghafla. Nyuma ikipanda mara moja ikatulia, oili bado ipo. Ikipanda, ikashuka, ikapanda tena, hiyo imebaki springi tupu. Mbele fanya hivyohivyo huku umeshika breki. Halafu pitisha kidole kwenye chuma kinachong'aa cha shokapu za mbele, juu kidogo ya sili, ile raba inayozuia oili isitoke. Kidole kikitoka na oili iliyochanganyika na vumbi, sili imekwenda, na kama breki yako ya mbele ni ya diski usichelewe, kwa sababu oili hiyo inashuka kwenye pedi.

Kuna wezi wawili wanaoiba jina la shokapu. Wa kwanza ni bushi za mkono unaoshika tairi la nyuma. Weka stendi kubwa, shika tairi, lisukume kulia na kushoto. Likicheza, hata ufunge shokapu za Öhlins kutoka Sweden, mkia utaendelea kuyumba. Wa pili ni beringi za shingo ya usukani. Nyanyua tairi la mbele, zungusha usukani taratibu. Ukihisi unakwama kidogo pale katikati, kama droo iliyovimba wakati wa masika, beringi zimechimbika.

Na upepo. Jamani, upepo. Vijana wa kijiweni hujaza tairi la nyuma mpaka linalia kama ngoma ili libebe abiria na mzigo, nasi wengine tunaiga. Kwa pikipiki za namna hii kiwango cha kawaida ni kama psi 25 mbele, na nyuma 28 ukiwa peke yako, 32 ukiwa na abiria. Soma kibandiko chako au kile kitabu kilichobaki ndani ya nailoni. Tairi ndiyo shokapu ya kwanza. Ukiijaza mpaka 45, mikwaruzo yote ya lami ambayo ingemezwa na mpira inapelekwa juu moja kwa moja. Mimi nilikuta nyuma kuna 41. Kushusha tu mpaka 29 kulipunguza robo ya malalamiko yangu, bila kutoa hata mia.

Kipimo cha futi ya fundi nguo

Kabla ya kulinganisha bidhaa, pima. Kipimo hiki kinahitaji wasaidizi wawili na futi ya kushonea, na ndicho kinachotenganisha mtu anayehitaji shokapu ngumu na mtu anayetamani rangi nyekundu.

Weka stendi kubwa ili tairi la nyuma lining'inie. Pima kutoka katikati ya nati ya ekseli kwenda juu mpaka alama uliyoweka kwenye bodi, wima. Yangu ilisoma sentimita 52. Shusha stendi, panda na kila unachobeba asubuhi: kofia, begi, viatu. Mwenzako akushikie usukani, mwingine apime tena. Yangu ikasoma 48.2. Tofauti, sentimita 3.8, ndiyo mzamo, yaani kiasi ambacho uzito wako tayari umekula kabla hujakutana na shimo lolote.

Tairi la nyuma la pikipiki hizi lina safari, yaani nafasi ya kupanda na kushuka, ya karibu sentimita 10. Kanuni inayotumika sana ni kwamba mwendeshaji akikaa, mzamo uwe kati ya robo na theluthi ya safari nzima, au uzidi hapo kidogo tu. Kwa hiyo sentimita 2.5 hadi 3.5. Mimi nilikuwa nimezidi. Lakini chini ya springi kuna ile bangili yenye vijingazi, kwa kawaida vitano, na yangu ilikuwa ya pili tangu siku inatoka dukani. Niliipeleka ya nne kwa spana ya ndoano (ile iliyokuja na pikipiki ilishapotea, nikaazima). Mzamo ukarudi sentimita 3 kamili. Nilipompandisha mke wangu ukafika 4.6.

Namba hizo zina maana hii: springi zangu hazikuwa dhaifu. Peke yangu nimo ndani ya kiwango, na tukiwa wawili inabaki zaidi ya nusu ya safari kwa ajili ya matuta. Kama ningekuwa nimeshafika ngazi ya tano na bado tukiwa wawili tunakula sentimita 6 au 7, hapo hakuna ujanja: springi haitoshi kwa uzito wangu, na mjadala wa kubadilisha unaanza kihalali.

Lakini "ko" ya rasta ya sita haikuisha. Nilipobonyeza kiti kilidunda mara tatu. Shokapu ya kulia ilikuwa na ute mweusi kuzunguka kijiti chake. Oili.

Mbele: kutengeneza karibu kila mara kunashinda kununua

Hapa sina mashaka. Shokapu za mbele za mirija zinafunguka, zinasafishwa, zinabadilishwa sili na oili, na zinarudi kuwa karibu mpya, ilimradi lile chuma linalong'aa halijachubuka wala kupinda. Gharama ya sili mbili, vifuniko vya vumbi, oili na mkono wa fundi haifiki bei ya tairi moja zuri la nyuma. Hakuna matengenezo mengine ya pikipiki yanayokupa mabadiliko makubwa hivyo kwa fedha ndogo hivyo.

Simama hapohapo fundi akifanya. Oili iliyotoka kwangu ilikuwa na rangi ya maji ya kuoshea masufuria, na chini kabisa ya mrija kulikuwa na tope la kijivu. Kosa lililozoeleka mtaani ni kumimina oili ya injini, 20W-50, kwa sababu ipo mezani na "yote ni oili". Ni nzito mno. Mbele inakuwa ngumu, rasta zinapanda mpaka viganjani, na ukifunga breki kwenye kokoto tairi linaruka badala ya kushika. Pikipiki nyingi za aina hii zinataka oili ya shokapu ya 10W au 15W. Na mirija yote miwili ipate kiasi sawasawa, kwa chupa yenye alama za mililita, siyo kwa kukadiria na kifuniko.

Kama sili zinakufa kila baada ya miezi mitatu, usilaumu sili. Tafuta mchubuko kwenye chuma kwa ukucha. Kidoa cha kutu chenye ukubwa wa punje ya mtama kinatosha kuikata. Zile raba za kukunjakunja ambazo wengine huzitoa ili pikipiki ionekane ya kisasa zipo kwa ajili hiyo. Ukipita barabara ya vumbi, zirudishe.

Nyuma: jozi nne za kuchagua

Nyuma hali ni tofauti, maana shokapu nyingi za kawaida zimefungwa kiwandani na hazikukusudiwa kufunguliwa. Wapo mafundi wanaotoboa, kujaza oili na kuchomelea. Nilishawahi kufanyiwa kwenye pikipiki ya zamani. Ilinifikisha wiki ya tatu. Siihesabu kama chaguo.

La kwanza ni jozi mpya ya kawaida, inayolingana na iliyotoka na pikipiki. Boxer, kwa mfano, hutumia springi mbili, ndogo ndani ya kubwa, na mpango huo umekusudiwa kazi zetu hizi za mtu mmoja asubuhi na watu wawili jioni. Spea za aina hii unazikuta kila mahali, kuanzia maduka ya Gerezani hadi duka la kona linalouza pia mkate. Tatizo ni bandia. Angalia unene wa kijiti cha ndani, bonyeza kwa uzito wako wote ukiwa dukani na usikilize: nzima inarudi polepole, kwa pumzi. Inayorudi "tap!" ni springi iliyovalishwa bomba. Nunua zote mbili pamoja. Kufunga moja mpya na moja nzee ni kama kuvaa kiatu na ndala.

La pili ndilo fundi wangu alilolipigia debe.

"Bosi, tufunge za mzigo. Hutasumbuka tena."

"Fundi, mimi mzigo wangu ni laptopu."

Akacheka, lakini alikuwa na hoja yake, kwani wateja wake wengi ni bodaboda na hao wanarudi kila wakati na springi zilizolala. Shokapu za mzigo zina waya mnene, na wengine huenda mbali zaidi: wanachomelea viunga na kuongeza jozi ya pili, nyuma inakuwa na shokapu nne. Kwa anayebeba magunia ya mkaa kutoka shambani kila siku ya Mungu, naelewa. Kwa anayerudi nyumbani peke yake, tairi la nyuma halizami hata kidogo. Linadunda juu ya kokoto, na tairi lililo hewani halina breki. Tena nguvu ambayo shokapu haikuimeza haipotei. Inakwenda kwenye chasisi, kwenye kiunga cha juu cha shokapu, kwenye spoku, na kwako. Ukiona ufa wa rangi pale shokapu inaposhikana na chasisi, usiupake rangi.

Wapiga mshikaki nao husema za mzigo zinawafaa. Abiria wawili nyuma ni kosa kisheria na ni hatari hata springi iwe ya treni. Uzito unapokaa nyuma ya ekseli unaifanya mbele iwe nyepesi, na hakuna shokapu inayorekebisha hilo. Vilevile boksi la kupelekea vyakula: lisogeze mbele kadiri kiti kinavyoruhusu kabla hujanunua chochote.

La tatu ni za gesi za bei ya kati, zinazoagizwa China na kuuzwa kwa picha kwenye simu. La nne ni za gesi zenye jina, kama YSS ya Thailand au Hagon ya Uingereza, ambao hutengeneza kwa kuangalia uzito wa mwendeshaji. Nyingi kati ya hizi za mwisho zinafunguka na kutengenezwa upya, tofauti kubwa ambayo haionekani kwenye picha. Bei yake, ukiongeza usafirishaji na ushuru, ni ya tairi zote mbili, cheni na sproketi, na chenji hairudi. Hizo za kati ni bahati nasibu: nyingine nzuri, nyingine kile kikopo cha pembeni ni pambo tu, hakijaunganishwa na kitu.

Gesi yenyewe inafanya nini? Oili inapokorogwa kwa kasi ndani ya bomba inapata moto na kutoa povu, na povu halizuii kitu. Naitrojeni iliyobanwa inaizuia oili isitoe povu. Basi jiulize: oili yako inapata moto lini? Siyo kwenye foleni ya Ubungo. Inapata moto ukitembea kilomita 40 za barabara ya vumbi yenye mawimbi, kwa mwendo wa 60, bila kupumzika, na mzigo nyuma.

Jumamosi moja, pikipiki mbili

Jirani yangu ana pikipiki kama yangu, mwaka tofauti, na alifunga za gesi za bei ya kati. Nilipokuwa nimeshafunga jozi mpya ya kawaida na kutengeneza mbele, tulikubaliana tubadilishane kwa saa moja. Njia ileile, upepo uleule, mimi ndiye nilipima.

Kwenye rasta, zangu zilishinda waziwazi. Zilipita "trrr" na kuisha. Zake zilipiga kila mstari mpaka kwenye meno. Nilipompima mzamo nikaona sababu: kilo zake 64 zilikuwa zinabonyeza sentimita 1 tu. Springi ilikuwa ngumu mno kwake, na tairi likiwa karibu na mwisho wake wa chini wa safari halina nafasi ya kushuka kulifuata shimo. Linaning'inia, kisha linatua kwa kishindo.

Barabara ya vumbi kuelekea bondeni mambo yaligeuka. Kwenye mawimbi, mwendo wa 50, nyuma ya pikipiki yangu ilianza kutikisika kushoto na kulia, si ya kuogofya lakini unaisikia. Ya kwake ilitulia kama imegundishwa. Nilirudi mara ya pili kuhakikisha. Ni kweli, zilikuwa bora, na sikutegemea tofauti iwe kubwa hivyo.

Tuta refu, watu wawili: zangu ziligusa mwisho mara moja, kwa upole. Zake hazikugusa. Breki ya ghafla kwenye lami: sikuona tofauti, kwa sababu hapo kazi ni ya mbele, na mbele zote mbili zilikuwa zimetengenezwa.

Kwa njia yangu, ambayo sehemu kubwa ni lami na rasta na kipande kidogo cha vumbi, sioni sababu ya kuhama. Ningekuwa bwana shamba ninayezunguka vijiji vitano kwa siku, ningeweka fedha kwenye gesi, lakini zile zenye jina, springi ikichaguliwa kwa uzito wangu. Au ningefanya jambo ambalo wauza shokapu hawalisemi: ningetafuta pikipiki nyingine. Mashirika na idara za afya zilizonunua Yamaha AG100, DT125 au Honda XL125 kwa ajili ya vijijini hazikuwa zinapenda maringo. Pikipiki za porini kama DT na XL zina safari ndefu ya tairi tangu kwenye chasisi. Shokapu ya gharama yoyote haikuongezei sentimita ambazo chasisi haikuachiwa nafasi.

Ukiamua kununua

Pima urefu kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini, na upana wa bushi zenyewe. "Zinaingia" si jibu. Shokapu ndefu kwa sentimita 2 inanyanyua mkia: usukani unakuwa mwepesi kupita kiasi, cheni inabadilika mkao, na stendi kubwa haiinui tena tairi la nyuma. Ukipata pancha usiku ndipo utakumbuka. Fupi inafanya kinyume, na stendi ya pembeni inaisimamisha pikipiki wima mpaka upepo wa lori uiangushe. Zenye kikopo, hakikisha kikopo hakigusi ekzosi wala kiatu cha abiria.

Ukishafunga, tembea wiki moja, kisha chukua tena ile futi. Jirani yangu alirudisha bangili zake ngazi ya kwanza, mzamo ukafika sentimita 1.6, na anasema rasta zimepungua ukali. Bado anazipenda, na Jumamosi huwa anaziosha kwa mswaki.

Jambo la mwisho ni dogo. Fundi akishafungua, mwambie akurudishie shokapu zako za zamani hata kama zinavuja, pamoja na washa zake zote, zile pete bapa za chuma. Washa za jozi mpya mara nyingi hazitoshi upana, na zile za zamani ndizo zitakazozuia shokapu isicheze kwenye kiunga. Mimi nilirudi kuzifuata siku ya pili, nikazikuta kwenye kopo la chai chini ya benchi, zimechanganyika na nati za pikipiki kumi.